Aliyetoka Kwenye Mizani: Paul Bomani, Pamba na Siasa ya Mkulima

Mwangaluka! Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, vijana wa vyama vya msingi mlioacha mabomba ya dawa shambani mkaja kukaa hapa leo, nawashukuru.

Nimeombwa nizungumzie mkulima anayeingia kwenye siasa. Naelewa kwa nini. Kila uchaguzi unapokaribia, wenyeviti na makatibu wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, huanza kuulizwa kama watachukua fomu ya udiwani, na wengine macho yao yako mbali zaidi. Hakuna ubaya. Ila ningependa kabla mtu hajachukua fomu amjue vizuri mtu mmoja aliyepita njia hiyo akianzia humu humu kwenye pamba ya Kanda ya Ziwa, akafika Hazina, akafika Washington, na katikati ya safari akaangushwa na watu wa nyumbani kwake. Huyo ni Paul Bomani.

Vijana wengi hapa jina lake mmelisikia juujuu tu. Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato, akasoma Nassa na Ikizu. Alipomaliza shule alifanya kazi ya ukarani Mwadui, kwenye mgodi wa almasi wa Williamson. Kisha akaja Mwanza, na mwaka 1947 tunamkuta akishika ukatibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa mji huo. Kwa hiyo hakuwa bwana shamba, wala hakuwa na mashamba makubwa. Alichokuwa nacho ni kalamu, hesabu na sikio la kuwasikiliza watu wa vijijini waliokuwa wakija mjini na malalamiko yao. Nalitaja hili mapema kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kiongozi wa wakulima ni yule mwenye ekari nyingi kuliko wenzake.

Malalamiko yenyewe yalikuwa yapi? Wazee wanayajua. Mkulima anapalilia, anavuna, anachambua safi, yaani pamba nzuri, na fifi, yaani ile hafifu, anabeba mzigo kichwani au kwa baiskeli hadi gulioni. Pale gulioni bei imeshapangwa na serikali, hana la kujadili. Sasa fikirini: bei ikishakuwa moja kila mahali, mnunuzi anayetaka faida ya ziada ataipata wapi? Ataipata kwenye mizani, na kwenye kauli yake kwamba pamba hii ni fifi. Wakulima wa Usukuma, Ukerewe, Geita na Mara walikuwa na hakika kwamba wanapunjwa kila msimu. Walikuwa wakisimama mbele ya mizani wasiyoweza kuisoma, wakipewa pesa ambazo hawakuwa na njia ya kuzihakiki, na wote waliosimama nyuma ya mizani hiyo walikuwa watu wa upande mmoja. Wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambua pamba walikuwa karibu wote ni wafanyabiashara wenye asili ya India. Hapo hasira ya mizani ikachanganyika na hasira ya rangi. Ndivyo ilivyokuwa, na tukiificha historia hiyo hatutaielewa nguvu ya yaliyofuata.

Jibu la kwanza la wakulima nalipenda sana kwa jinsi lilivyokuwa la kawaida. Hawakuchoma gulio. Waliweka wapimaji wao wenyewe. Mtu wao, anayejua kusoma mizani, anaipima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, au anasimama pale pale akitazama. Mkulima akiambiwa uzito, anao uzito wake mkononi. Kitu kidogo hivyo kilibadilisha mambo mengi, maana kwa mara ya kwanza mnunuzi alijua kwamba mtu aliye mbele yake anajua.

Kutoka hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, kilichojulikana kama Lake Province Growers Association. Kazi ilikuwa kwenda kijiji kwa kijiji. Usukuma ulikuwa tayari na vikundi vya kulima pamoja na vya ngoma, vyenye viongozi wao, kanuni zao na faini zao kwa mvivu na mchelewaji. Ushirika wa pamba haukuletwa juu ya watu wasiojua kufanya jambo kwa pamoja. Ulijengwa juu ya desturi iliyokuwepo. Kilichoongezwa ni daftari la wanachama, risiti, karani na mkaguzi. Maafisa wa serikali ya kikoloni walikuja kusaidia usajili, maana sheria ya ushirika ilikuwepo tangu 1932 na Wachaga walikuwa na KNCU, ushirika wao wa kahawa, tangu 1933. Lakini msukumo ulitoka chini, na waliotoa shilingi za mwanzo ni wakulima wenyewe.

Bomani mwenyewe alipelekwa Uingereza, kwenye chuo cha Loughborough, kusomea mambo ya ushirika. Alirudi akakuta vuguvugu limekua. Mwaka 1955 vyama vya msingi na viunganishi vyake vikafungwa pamoja katika Victoria Federation of Co-operative Unions, yule VFCU ambaye wazee wetu walimwita tu Federesheni, na Bomani akawa meneja mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Nataka mkae kidogo kwenye miaka hiyo mitano ya umeneja wake, kwa sababu naamini ndiyo iliyomtengeneza, kuliko wizara yoyote aliyoishika baadaye.

Fikirini kazi iliyokuwepo. Mamia ya vyama vya msingi, kila kimoja na ghala lake, mizani yake, karani wake. Msimu unapofunguliwa, fedha taslimu lazima zifike kila gulio kwa wakati, maana mkulima akikuta ushirika hauna pesa siku ya Jumatatu, Jumanne anampelekea mnunuzi mwingine. Karani lazima awe amefundishwa kupima, kuandika risiti na kufunga hesabu jioni. Pamba isafirishwe hadi jineri, yaani kiwanda cha kuichambua, kabla mvua haijaikuta. Marobota yafike stesheni ya Mwanza na kuteremshwa kwa reli hadi Dar es Salaam. Kisha hesabu zirudi kwa mwanachama, aambiwe nini kilikatwa na kwa nini. Ushirika ukaanza kununua na kujenga viwanda vyake vya kuchambua pamba, Kasamwa kule Geita kikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Kufikia mwishoni mwa muongo ule, pamba ya jimbo zima ilikuwa ikipitia mikononi mwa ushirika. Muongo mmoja tu! Kutoka mpimaji mmoja aliyesimama kando ya mizani ya mtu mwingine, hadi kuwa moja ya mashirika makubwa kabisa ya Waafrika katika bara hili.

Na yote haya yalifanyika wakati siasa imefungiwa mlango. TANU ilizaliwa Julai 1954, lakini hapa Usukuma serikali iliikatalia usajili hadi mwaka 1958. Miaka minne watu wa eneo hili lenye idadi kubwa ya watu kuliko mengi nchini hawakuruhusiwa kuwa na tawi la chama cha siasa. Basi walikutana wapi? Walikutana kwenye ushirika. Ajenda ni pamba, lakini mtu anajifunza kusimama na kusema, kupiga kura, kumwondoa mwenyekiti mbovu, kudai taarifa ya mapato na matumizi. Serikali ilipokuja kufungua mlango wa TANU, ilikuta watu wamekwisha kuzoea kujitawala katika jambo linalogusa mifuko yao.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu Bomani. Serikali ya kikoloni ilimteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria akiwa bado kijana, naye akakubali. Walikuwepo wana-TANU waliomwona mpole mno, mtu wa vikao na barua wakati wenzake wanafukuzwa jimboni. Mwaka 1958, wakati watu wa Geita walipogomea baraza la mchanganyiko wa rangi na kuandamana hadi Mwanza, wakapigwa mabomu ya machozi, tofauti ya mitindo hiyo miwili ilionekana wazi. Mimi sioni haja ya kuchagua upande. Watu wa Geita waliandamana kwa sababu walichoka, na walikuwa na haki. Lakini Federesheni ingefungwa kama meneja wake angekuwa mbele ya maandamano, na pamba ya msimu ule ingerudi mikononi mwa nani? Bomani alilinda ghala. Kuna nyakati kulinda ghala ni kazi ya siasa, hata kama haina shangwe.

Akachaguliwa katika uchaguzi wa 1958 na 1959, na Septemba 1960, Mwalimu Nyerere alipounda serikali ya madaraka akiwa Waziri Kiongozi, Bomani akawa Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Ushirika. Katika baraza lile alikuwemo pia George Kahama, aliyekuwa meneja wa ushirika wa kahawa wa Bukoba. Tazameni, ndugu zangu: nchi inayokaribia uhuru ilikuwa na wasomi wachache wenye shahada, lakini ilikuwa na watu waliokwisha kuendesha biashara ya mamilioni ya shilingi kwa niaba ya wakulima na kujibu maswali kwenye mikutano mikuu. Mwalimu aliwachukua. Mwaka 1962 Bomani akahamia Hazina, akipokea kijiti kutoka kwa Sir Ernest Vasey, na hivyo akawa Mwafrika wa kwanza kuishika wizara hiyo. Ni katika kipindi chake ndipo uamuzi ulipochukuliwa wa kuachana na sarafu ya pamoja ya Afrika Mashariki na kuanzisha Benki Kuu yetu, iliyofungua milango Juni 1966 wakati yeye ameshaondoka Hazina.

Na kwa nini alikuwa ameondoka? Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nimchague yeye kuliko wengine.

Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Kila jimbo TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Wakubwa wengi walidhani ni taratibu tu, watapita. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, muasisi wa Federesheni, aligombea Mwanza Mashariki. Akashindwa, na hakushindwa kwa kura chache.

Sababu za mtu kushindwa huwa nyingi, na sitawadanganya kwamba ni moja. Lakini mwaka ule wakulima walikuwa na kinyongo na ushirika wao, na Bomani alikuwa ndiye sura ya ushirika. Baada ya uhuru vyama viliongezwa kwa kasi nchi nzima, kutoka chini ya 900 mwaka 1961 hadi zaidi ya 1,500 kufikia 1966. Vingine vilisajiliwa kwa agizo la kisiasa, mahali ambapo hakuna aliyeviomba. Makarani waliofundishwa hawakutosha. Makato yakaongezeka. Mkulima akawa anasimama mbele ya mizani ileile, safari hii mizani ya chama chake mwenyewe, na bado haelewi kwa nini pesa anazopata ni pungufu. Serikali iliunda kamati maalumu ya uchunguzi mwaka 1966, nayo ikayaandika yale ambayo wanachama walikuwa wakiyasema vilingeni: wanachama hawajui haki zao, watumishi wenye ujuzi ni wachache, demokrasia imekufa kwenye ngazi ya juu ya ushirika, biashara inaendeshwa na wasioijua, na wanasiasa wanaingilia.

Someni tena orodha hiyo mkirudi nyumbani, halafu muitazame AMCOS yenu.

Kwangu mimi, kuanguka kwa Bomani ni ushahidi kwamba kazi yake ya miaka ya 1950 ilifaulu. Aliwafundisha wakulima kwamba anayeshika mizani lazima aulizwe. Wakajifunza vizuri. Miaka 10 baadaye wakamuuliza yeye. Hakuwa amewaibia, sijasikia mtu akilithibitisha hilo. Alikuwa mbali tu. Ofisi ilikuwa Dar es Salaam, lugha ilikuwa ya bajeti na mikopo ya nje, na gulioni hakuonekana tena. Yule aliyejua kila karani kwa jina alikuwa sasa akiletewa taarifa zilizokwisha kupigwa chapa. Mkulima hana namna ya kumpigia kura waziri kwa yale aliyoyafanya Benki Kuu. Anampigia kura kwa stakabadhi aliyoishika mkononi msimu uliopita.

Mwalimu hakumtupa. Alimrudisha barazani kushughulikia uchumi na mipango ya maendeleo, baadaye biashara na viwanda, kisha mwaka 1972 akampeleka Marekani kuwa balozi. Alikaa huko hadi 1983, muda mrefu kuliko kawaida ya mabalozi, akiwepo Mwalimu alipomtembelea Rais Carter mwaka 1977. Tangu 1993 hadi alipofariki mwaka 2005 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cheo ambacho kabla yake kilishikwa na marais. Ni maisha yenye heshima kubwa, na familia yake ililitumikia taifa kwa upana. Mdogo wake, Mark Bomani, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwa zaidi ya miaka 10.

Ila kuna tarehe moja naiona kama jeraha. Federesheni ilikuwa imekwisha kuwekwa chini ya usimamizi wa serikali na kugeuzwa kuwa Nyanza Co-operative Union. Halafu Mei 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika nchini vikafutwa. Pamba ikanunuliwa na Mamlaka ya Pamba, kijiji kikahesabiwa kuwa ndicho ushirika. Magari, maghala, majineri, akiba ya miaka, vyote vikahama mikono bila mwanachama mmoja kupiga kura. Muasisi wake alikuwa Washington.

Nasema wazi mbele yenu: lilikuwa kosa kubwa. Ugonjwa ambao kamati ya 1966 iliuona ulikuwa unatibika. Mgonjwa hakupaswa kuzikwa. Serikali yenyewe ilitambua hivyo, sheria ya 1982 ikarudisha vyama. Lakini kilichorudi kilikuwa jina na madeni. Kizazi cha makarani waliofundishwa na Federesheni kilikuwa kimetawanyika, na mwanachama alikuwa amekwisha jifunza kwamba mali anayoambiwa ni yake inaweza kuondoka asubuhi moja kwa tangazo la redio. Mnapolalamika leo kwamba vijana hawanunui hisa, kumbukeni wamelelewa na wazazi waliowahi kupoteza hisa. Na wanunuzi binafsi walipofunguliwa soko miaka ya 1990, ushirika ulikuwa hauna fedha za kusimama nao.

Sasa nirudi kwenu mnaofikiria kuchukua fomu.

Bomani hakuanza kwa kutaka ubunge. Alianza na jambo moja ambalo kila mtu jimboni alilipata kwa mikono yake, akalishughulikia mpaka likaonekana, na siasa ikamfuata hapo hapo. Ukija kuniomba kura kwa sababu wewe ni mtoto wa mkulima, nitakuuliza: wanachama wa chama chako walisomewa hesabu lini? Ripoti ya COASCO, shirika linalokagua hesabu za ushirika, ilisomwa mbele ya mkutano mkuu kwa Kiswahili na Kisukuma, au ilibaki kwenye droo ya katibu? Mizani ya ghala lenu ilikaguliwa na Wakala wa Vipimo kabla ya msimu, na mkulima aliiona stika? Mama aliyeleta kilo zake chache alipata risiti iliyoandikwa makato moja moja, au aliandikiwa jumla tu? Hayo ndiyo mambo ambayo mtu anayafanya akiwa bado hana cheo, bila kusubiri bajeti ya mtu mwingine.

Na ukishinda, ukaenda Dodoma, nenda ukiwa umejiwekea ratiba ya msimu. Mei hadi Agosti pamba inapouzwa, uonekane gulioni. Usije na msafara na vipaza sauti. Njoo usimame kwenye foleni, usome stakabadhi za watu, umsikilize karani akieleza kwa nini pesa hazijafika. Maswali utakayopeleka bungeni utayapata pale, na hakuna mshauri atakayekupa mazuri zaidi.

Nina ombi kwa mkutano huu, na ningependa liandikwe kwenye muhtasari. Kabla ya ufunguzi wa msimu, kila chama cha msingi kichague wapimaji wawili ambao si wajumbe wa bodi wala ndugu wa katibu, angalau mmoja wao awe mwanamke. Wawe na haki ya kusimama kando ya mizani kila siku ya ununuzi na kuandika daftari lao, na jioni madaftari mawili yalinganishwe mbele ya yeyote aliyepo. Gharama yake ni kalamu, daftari na posho ndogo ambayo wanachama wenyewe wataipanga. Walioanza jambo hili jimboni humu zaidi ya miaka 70 iliyopita hawakuwa na simu wala mizani ya kidijitali, na hakuna kifungu cha sheria ya ushirika ya 2013 kinachowazuia ninyi kulifanya.

Mwenyekiti, nakurudishia kikao. Naona mikono imeshainuka. Naomba tuanze na akina mama wa kule nyuma, wameniashiria tangu nilipotaja makato.